Wembe wa Siku ya Tatu

Uvumilivu wangu uliisha Jumanne asubuhi, hapa Takoma Park, Marekani, katika ofisi ya mshauri wa shule anakosoma binti yangu, mshauri huyo alipofika kwenye sentensi ya pili ya ripoti yake. Ya kwanza nilikuwa nimeimeza: kwamba mtoto wa miaka saba anazungumza na mtu aliyekufa. Ya pili ilisema mzazi amemnyoa kichwa chote, jambo linaloweza kuwa ukatili, na kwa hiyo mtoto apelekwe kwa daktari wa akili na atolewe darasani mwake kwanza. Aliisoma kwa upole, kama mtu anayebembeleza paka.

Nilimtazama. Ni mwanamke mweusi kama mimi, mzaliwa wa hapa. Ukutani ametundika kitambaa cha Kiafrika na bango linalosema jamii ndiyo inayoponya. Kila Jumamosi anaendesha kikao, watu wanakaa duara na kupiga ngoma ili wapone kwa njia za mababu.

"Dada," nikamwambia, "hao mababu unaowapigia ngoma Jumamosi, leo umewaandikia ripoti."

Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Kituoni kadi ya basi iliniponyoka mara mbili.

Wacha nikuambie wewe huo wembe ulitoka wapi, maana yeye hakuniuliza.

Nilikuwa na miaka minane babu alipofariki, kwetu Vihiga, magharibi mwa Kenya. Nakumbuka moshi kwanza. Moto uliwashwa uani na haukuzimwa mpaka mazishi yakapita, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuokota kuni, kuchota maji na kusugua masufuria kwa majivu mpaka vidole vikawa vyeupe. Chai ilichemka kutwa. Kulikuwa na nduma, viazi vitamu, mboga ya mrenda ya kuteleza na ugali wa mtama. Majirani walikuja na mablanketi yao wakalala pale pale kwetu, na hakuna aliyeuliza kama anasumbua.

Siku ya tatu baada ya kumzika tulinyolewa. Jirani mmoja mwenye mkono mwepesi alikaa kwenye kigoda na wembe mpya na bakuli la maji, akatuita mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo. Maji yalikuwa baridi, yaliteremka mpaka mgongoni. Kisha tukakaa sote uani na vichwa vyetu vinavyong'aa, na kila mtu akaambiwa aseme marehemu alimfanyia nini, zuri au baya. Watoto pia. Zamu yangu ilipofika nikasema babu alinichapa kwa sababu niliacha mbuzi akala maharagwe. Watu wakacheka mpaka nyanya akajishika mbavu. Nami nikacheka, halafu katikati ya kicheko nikaanza kulia, na ndipo nyanya akanivuta kwenye paja lake lililonukia moshi. "Lia tu," aliniambia. "Mimi niko hapa, siendi popote."

Baadaye, tukienda shule, tulipita kaburini tukamwambia babu tunaenda. Tukirudi tulimwambia tumerudi. Hakuna mwalimu aliyeniandikia barua.

Kwa hiyo mama yangu alipofariki mwezi uliopita, nami sina karatasi za kuniruhusu kwenda nyumbani kumzika na kurejea huku, nilifanya nilichokijua. Wamama wa kanisa walikuja na sufuria zao wakalala kwenye kapeti yangu siku tatu, na kuna aliyetoka zamu ya kuhudumia wazee kule Springfield akaja moja kwa moja na sare yake ya kazi. Siku ya tatu nilinyolewa. Binti yangu, ambaye kila usiku alikuwa akiongea na nyanya yake kwenye simu, akavuta kiti akakaa mbele ya wembe. Nilimwambia si lazima. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba nyanya ni wake pia. Tangu siku hiyo, kabla ya kwenda shule, anamuaga kwenye picha iliyo mezani.

Ndiyo ugonjwa wenyewe huo.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima, mweusi wa hapa, ambaye watu wake walitoka kusini mwa nchi hii, aliposikia aliguna. Akasema kwao, mtu akifa, walifunika vioo vyote na kukesha naye, na hakuna aliyewaita wagonjwa ila wazungu. "Sasa tunaitana wenyewe," akasema. "Kaa hapo mwanangu, uandike barua. Mimi nitakusahihishia Kiingereza."

Kinachoniuma ni kwamba hata ule ua wa kwetu haupo. Nyumba ya nyanya ilianguka, na nyumbani siku hizi matanga ni hema la kukodi na mpiga picha, watoto wanafukuzwa wakacheze mbali. Hakuna anayewauliza marehemu aliwafanyia nini. Nilidhani nimekiokoa kipande kimoja, nikakileta huku kwenye kapeti yangu, na aliyetaka kukifuta ni mtu anayekifundisha.

Barua niliipeleka mwenyewe Alhamisi, nikasubiri mpaka ikapigwa muhuri. Kwa lugha yetu inasema hivi:

"Kwa mkuu wa shule. Nalalamika rasmi kuhusu ripoti ya mshauri wenu juu ya binti yangu. Hakuniuliza lolote kabla ya kuiandika. Naomba sentensi ya kuzungumza na wafu na sentensi ya ukatili ziondolewe kwenye faili, rufaa ya kwenda kwa daktari isimamishwe, na mtoto abaki darasani mwake na rafiki zake. Nataka jibu la maandishi. Kama lazima faili iseme kitu, iseme kwamba mtoto huyu amefiwa na nyanya yake, na kwamba nyumbani kwao wanajua la kufanya."