Kikao cha Saa Nane

Nakiri mapema: silanga la kijiji chetu, lile bwawa la kukinga maji ya mvua, nililipoteza mimi, tena kwa sheria niliyoipigania mwenyewe.

Miaka ile ya sabini nilikuwa diwani Kitui. Baraza lilianza saa tatu asubuhi, na mimi ni mtu wa kupenda kukaa kwangu asubuhi. Nikasimama kudai tukae saa nane mchana, eti mkulima amalize shamba kwanza. Diwani wa Tseikuru, mchuuzi wa mbuzi aliyetoka mbali sana, akapinga.

"Mzee, wewe unalala kwako. Mimi nikitoka hapa jioni nalala wapi?"

Tulibishana vikao vitatu, kwa heshima na chai ya maziwa, vile siku hizi sioni tena. Nikashinda kwa kura moja.

Kikao cha kwanza cha mchana ndicho kilichokuwa cha kuamua silanga moja jipya lichimbwe kwa nani. Nikawaalika majirani waje wanisikie nikililia letu. Siku hiyo nikakamua ng'ombe, nikapalilia, nikala muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, sahani mbili, halafu nikajinyoosha kidogo tu.

Nilipofika mbio na baiskeli, madiwani walikuwa wanatoka. Silanga lilikuwa limekwenda Tseikuru, kwa kuwa hakuna diwani aliyesimama kututetea. Majirani walikuwa wakiningoja mlangoni. Nikawaambia nimepata pancha njiani.

Mama Mwende, ambaye huteka maji mtoni kila alfajiri, akanitazama usoni.

"Diwani, pancha haiachi alama za mkeka shavuni."