Gari la Baba Limenyamaza

Leo nimetengeneza gari la marehemu baba, na natamani nisingelitengeneza.

Mnaolijua mnakumbuka lilivyokuwa likilia nyuma. Mlio ulisikika toka barabarani, na Mama, ambaye siku hizi haoni vizuri, alikuwa anafungua geti kabla sijapiga honi.

Asubuhi nililipeleka gereji mjini Awendo. Fundi akabadilisha springi, shokabzoba na bushi zote za nyuma, ndizo zilizokuwa zikilia.

"Omera, ndugu yangu, sasa hata mkeo hatajua umefika!" akacheka.

Vyuma vya zamani nilivibeba kwenye gunia. Fundi asipokurudishia vya zamani, jua hujabadilishiwa kitu.

Nilifika nyumbani kimya. Geti halikufunguliwa.

Nikapiga honi.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama."

Akafungua, akalipapasa gari toka mbele hadi nyuma. "Hili si la baba yako."

"Ndilo, Mama. Nimelitengeneza tu."

Akaondoa mkono kwenye gari, akasema, "Kila jioni nilikuwa namfungulia yeye, si wewe."

Gari liko hapa uani, na gunia la vyuma bado liko kwenye buti. Funguo ninazo mfukoni.

Sasa hivi mimi na mke wangu tumesikia mlio ule ule barabarani.

Mama ameshasimama, anaenda getini.

Nimzuie?