Askari Asiyesikia Baridi

Juzi, kwenye kibanda cha wakala wa pesa pale sokoni Karatu, dereva mmoja wa watalii alitoa noti aziweke kwenye simu. Nyuma yake alisimama mkewe, muuza mitumba, amejitanda kanga mbili kwa baridi.

"Dada, hebu muulize anamnunulia nani koti," mke alimwambia wakala.

Mume akacheka kwa aibu, akageuza simu ili wakala na mimi niliyekuwa foleni tuone. Kwenye tangazo la mchezo wa simu alisimama askari wa katuni, mwenye koti la manyoya hadi magotini.

"Ni sanduku tu," alisema. "Unalipia, linafunguka, ndiyo unajua umepata nguo gani."

"Hata mimi nanunua balo la mitumba sijui kilichomo. Nikikuta matambara nayauza ya kudekia. Wewe ukikosa, baba watoto, unadekia nini?"

 Mke akamkazia macho yule askari. "Angekuwa mwanamke ningemfuata kwake. Huyu nitamfuata wapi?"

Basi mume akazichukua tena zile noti, akamwekea mkewe kiganjani. Wanaonunua masanduku haya nawashauri wafungue simu mbele ya wenzi wao. Hamu hupungua yenyewe. Ingawa nami, mwenye jaketi lililoisha viwiko, nilishamwonea wivu askari asiyesikia baridi.

Walipoanza kuondoka, mke alisimama.

"Hebu nimwone tena."

Akalitazama lile koti, kola hadi pindo, kama analitafutia tundu.

"Lakini limemkaa," alisema, akamrudishia simu.