Jina Lililobaki Hewani

Juzi mchana nilikuwa kwenye kaunta ya duka moja hapa Njoro, redio ikisoma matangazo ya vifo. "Tunasikitika kutangaza kifo cha ndugu yetu, mzaliwa wa Masama..." Hapo ikakoroma, shhhh! Iliporudi, ilikuwa kwenye msiba wa Bukoba.

Mama aliyekuja kununua sabuni akashika kaunta kwa mikono miwili. "Kaka yangu yuko Masama, anaumwa."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini redio naijua kuliko aliyeiunda. Nikamweleza kwamba mbali kaskazini mwa dunia mbingu huwaka rangi ya kijani, na huko juu hewa yenye umeme hukimbia kuliko risasi. Ikichafuka, redio zetu hukoroma.

"Baba, hiyo hewa yako imeshindwa kungoja jina litajwe?"

Nikamsindikiza stendi. Basi la Masama lilikuwa limejaa, likingoja dizeli. Abiria wote walikuwa wameisikia redio ileile, na hakuna aliyemsalimia mwenzake.

Dizeli ilipofika, likaingia basi jingine kutoka mlimani. Akashuka mwanamume aliyevaa koti zito, anakohoa. Akamwona yule mama, akaganda.

"Dada! Nimesikia redioni, nimekuja kukuchukua tukakuzike nyumbani!"

"Na mimi nakuja kukuzika wewe!"

Basi zima likacheka, mimi nikiwazidi wote. Kisha dereva akawasha gari, kicheko kikakatika. Jina lilikuwa limeshatajwa. Ni sisi tu hatukulisikia.

Nikakumbuka nina shangazi Masama. Nikapanda.