Nyapara wa Kericho

Nianze na neno, maana maneno ndiyo yaliyonikoroga tangu mwanzo. Kwetu Manga, mama mzazi huitwa baba, na baba mzazi huitwa tata. Siku mwalimu wa darasa la kwanza alipochora mwanamume ubaoni akatuambia kwa Kiswahili kwamba huyu ni baba, nilicheka peke yangu, nikachapwa. Tangu siku ile sijaamini kwamba neno lina kazi moja tu. Hili ninalotaka kulieleza ni nyapara.

Nyumbani kwetu nyapara alikuwa mtu wa hadithi. Nilipokuwa na miaka minne au mitano hivi, baba akiwa ameshafariki, mama alikwenda Kericho kuchuma chai akatuacha kwa nyanya. Alikaa karibu miaka miwili. Alirudi amekonda, nywele zimenyolewa, na hadithi alizotuletea zilikuwa za mwanamke mmoja tu, nyapara wao, mkubwa, mkali, aliyewekwa juu ya wenzake wote. Yeye ndiye aliyegawa ugali. Yeye ndiye aliyeamua nani alale karibu na dirisha na nani alale karibu na ndoo. Kulikuwa na msichana mmoja mgeni, mtu wa upande wa ziwani. Huyo alilazwa kando ya ndoo mpaka akazoea, na Jumapili, siku ya nyama, nyapara alichukua kipande chake. Mama akifika hapo kwa msichana huyo sauti yake ilipungua, nasi hatukuthubutu kumuuliza zaidi.

Nilimchukia nyapara yule kwa moyo wangu wote. Ndoo yenyewe sikuielewa. Nilidhani Kericho watu huchumia chai kwenye ndoo.

Mama alirudi pia na namna yake ya kula. Alizungushia sahani mkono wa kushoto, akainamisha kichwa, akamaliza kabla sisi hatujapoza tonge la kwanza. Nasi tukaona basi, ndivyo wanavyokula watu wa chai.

Sasa ruka miaka, nina kumi na mitatu, niko darasa la saba. Mwenye lori, tajiri wetu, aliyekuwa akipeleka ndizi Nairobi kutoka Keroka, alileta televisheni. Umeme hatukuwa nao. Ilikula betri ya lori lenyewe, na kwa kuwa Manga tuko juu, picha ilishika, ingawa nusu yake ilikuwa vitone vyeupe. Kila Jumapili jioni kulikuwa na mchezo wa Wazungu kuhusu jela ya wanawake. Mke wa mwenye lori aliwaita akina mama wa kanisani kwetu waje kuutazama. Nami nikaitwa niketi mbele, kwenye kigoda, niwatafsirie, kwa sababu eti mtoto wa shule anajua Kiingereza.

Kiingereza gani? Nilijua kusema kalamu iko juu ya meza, na kwenye mchezo ule hakuna aliyekuwa na kalamu. Walisema haraka, midomo haifunguki, na wote walivaa nguo moja. Jela nilielewa, lakini mengine nilikuwa nabahatisha. Kwa Kiingereza chumba cha mfungwa na kuuza hutamkwa sawasawa, basi kila askari alipowaamuru warudi vyumbani, mimi niliwatangazia akina mama kwamba wanaambiwa waende wakauze.

"Wauze nini?" akauliza jirani yetu, mama mmoja mzee. "Sioni hata kikapu."

"Bado hawajasema," nikajibu.

Hata hivyo jambo kubwa la mchezo lilionekana bila maneno. Kulikuwa na mwanamke mnene mwenye mikono ya kukamua nguo nzito, na wote walimwogopa, hata askari. Halafu akaletwa mgeni, mwembamba, asiyetaka kuinamisha macho. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yule mnene alimmwagia maji ya kufulia, alimnyang'anya blanketi, na wengine wote wakatazama pembeni. Akina mama walilia na kusonya. Jumapili ya pili kuna aliyeomba tumwombee mgeni, tukamwombea.

Niseme wazi kilichokuwa kikigombewa, maana si televisheni. Mwaka ule kanisani kwetu, sisi watu wa Sabato, kiongozi wa akina mama alikuwa amezeeka, na ilibidi achaguliwe mwingine. Yaliyotajwa yalikuwa majina mawili, mama yangu na mke wa mwenye lori. Mama aliitaka nafasi ile. Hakutamka, ila alikuwa amenunua kitambaa cheupe cha kichwa, kama wanavyovaa viongozi, akakikunja chini ya sanduku. Nilimfuma mara mbili akikitazama. Alikuwa mjane mwenye migomba yake na mistari michache ya chai, na katika maisha yake hakuna aliyewahi kumchagua kwa lolote, au ndivyo nilivyofikiri. Nilimtakia nafasi ile mpaka nikaiota.

Jumapili ya tatu wale wafungwa walimwita mwanamke mnene jina fulani, nikabahatisha, nikasema wanamwita malkia.

"Malkia gani," mama akasema kutoka nyuma. "Huyo ni nyapara."

Watu wakacheka. Jirani yetu hakucheka. Huyo alikuwa amechuma chai Kericho miaka mingi kabla ya magoti kumshinda. "Nyapara ni wa chai," akasema. "Jela ina askari."

"Nyapara yuko kila mahali," mama akajibu. "Hata kwetu Kericho alikuwa mwanamke kama huyo."

"Kericho ipi hiyo? Mimi nyapara wangu wote walikuwa wanaume. Mwanamke sikumwona hata mmoja."

Mama aliinamia kikombe chake. Mke wa mwenye lori alimwongezea chai pole pole, akimwangalia. Mimi nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Nilijaribu kupanga. Huenda jirani amesahau. Huenda Kericho ni kubwa, upande mmoja manyapara wanaume, upande mwingine wanawake. Lakini ndoo nilikuwa nimeiona kwenye televisheni, kwenye kona ya chumba cha wafungwa, na mwanamke alikuwa ameigeuzia kisogo na kuziba pua. Haikuwa ndoo ya chai, ilikuwa choo. Ala, nilikuwa mjinga kiasi gani? Basi nikajua kwamba mama alikuwa jela, si kwenye chai, na kwamba yule msichana wa ziwani ni yeye mwenyewe, amejificha ndani ya hadithi, na usiku mzima nilimhurumia.

Jumapili ya nne tuliandaliwa mahindi na maharagwe, kila mtu na bakuli lake. Kwenye televisheni nako wafungwa walikuwa wanakula. Yule mgeni alikuwa ameshanyang'anywa chakula mara mbili. Sasa akaketi, akazungushia sahani mkono wa kushoto, akainamisha kichwa, akala mbio.

Niligeuka nyuma. Mama alikuwa ameketi hivyo hivyo, mkono wa kushoto umezunguka bakuli, kichwa chini. Hakuwa akitazama picha, alikuwa anakula. Nilipoinua macho nikamkuta mke wa mwenye lori anatazama nilipokuwa natazama, kisha anatazama televisheni, kisha anarudi kwa mama. Mmoja mmoja, na wengine wakaacha kutafuna.

"Mtoto," akaniita mke wa mwenye lori, taratibu kabisa. "Huyo anasema nini? Watu wa jela ndivyo wanavyokula?"

Sijui neno lililofuata lilitoka wapi. Nilisimama kwenye kigoda changu nikasema nimekosea tangu Jumapili ya kwanza, naomba msamaha. Nikasema ile si jela. Nikasema ni kampi ya chai huko kwao Uingereza, na wale ni wachumaji, na wanakula mbio hivyo kwa sababu filimbi ya kazi inakaribia kulia.

"Chai," akasema mke wa mwenye lori.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana kila mara wanaambiwa waende wakauze. Wanauza majani."

"Na vyuma vya madirishani?"

"Vya wezi."

"Na yule mwanamke mnene?"

"Nyapara," nikasema. "Huko manyapara ni wanawake."

Jirani yetu alishika kichwa. Alisema dunia imeharibika, na kwamba amekuwa akiomba mwezi mzima watu wa chai watolewe jela. Hapo akina mama walianza kucheka, wakanizomea, wakasema hela za serikali zimepotea kunisomesha. Mke wa mwenye lori peke yake hakucheka. Lakini angefanya nini? Kiingereza hakukijua, na mwenye kukijua nilikuwa mimi.

Tukarudi nyumbani jua likizama, mama mbele, mimi nyuma, kwenye njia ya kushuka kwetu. Nilingoja anisifu. Karibu na migomba yetu akasimama bila kugeuka.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema.

"Mama, ilikuwa jela?"

"Ilikuwa jela."

"Kwa nini walikufunga?"

"Pombe ya chang'aa."

"Ya nani?"

"Yangu. Ya nani tena? Mlikuwa mnataka kula."

Nilianza kulia. Nilimwambia najua yote, kwamba najua msichana wa kando ya ndoo alikuwa yeye, na kwamba yule nyapara nitamchukia mpaka kufa. Sasa ndipo alipogeuka. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua.

"Mimi?" akasema. "Mimi ndiye nyapara."

Wiki ya kwanza, aliniambia, walimnyang'anya ugali wake. Ya pili akaanza kunyang'anya yeye. Alikuwa na mwili na sauti, na askari wakaona afadhali wenzake wamwogope yeye, wao wapumzike, wakamweka juu. Alilala karibu na dirisha. Msichana wa ziwani alikuwa kweli, na nyama yake ya Jumapili mama aliila, si mara moja, kila Jumapili. Nilimuuliza kwa nini basi ndiye anayekinga sahani, kama hakuna aliyeweza kumgusa.

"Mwizi ndiye anayefunga mlango sana," akasema, akaendelea kutembea.

Nilibaki pale njiani. Nilikuwa nimemtetea nani? Hata kukasirika sikujua nianzie wapi.

Sabato iliyofuata ukaja uchaguzi. Mama alivaa kitambaa cheupe. Jina lake lilipotajwa mikono ikapanda kanisa zima, na nilipochungulia nikaona hata mke wa mwenye lori ameinua wake, ingawa nusu. Nilitabasamu. Ndipo mama akasimama.

"Asanteni," akasema. "Chagueni mwingine. Mimi nimeshawahi kuwekwa juu ya wanawake, na sikuwatendea vizuri."

Jirani yetu alimnong'oneza mwenzake kwamba kumbe huko Kericho alikuwa nyapara mwenyewe, haya, sasa imeeleweka. Wengine wakatikisa vichwa wakamsifu kwa unyenyekevu. Mke wa mwenye lori aliniangalia mimi, mfasiri, kwa muda mrefu, kisha akatazama Biblia yake. Hakuwahi kuuliza tena. Mwaka ule alichaguliwa yeye, na sitasema uongo, alikuwa kiongozi mzuri.

Mimi nilikuwa nachemka. Nilikuwa nimeugeuza mchezo mzima wa Wazungu kuwa majani chai kwa ajili ya kitambaa kile, naye amekitupa mbele ya watu kwa maneno mawili. Nyumbani alikivua, akafunikia sufuria ya maziwa. Wakati wa chakula alinipakulia mimi kwanza, akatoa kipande chake cha nyama akakiweka juu ya changu. Sikumshukuru. Nilimuuliza, kwa ukali ambao siku nyingine ungeniletea kofi, huyo msichana wa ziwani aliitwa nani.

Alifikiri. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mezani, mbali na sahani.

"Sikumuuliza," akasema. "Tulimwita Ndoo."