Mpiga Gitaa Niliyekwisha Kumlilia

Gari la matangazo lilipita mbele ya kibanda changu cha kutengeneza redio, hapa Tarime mjini, Jumatano asubuhi. Spika zake zilikuwa mbovu, lakini jina la bendi nililisikia vizuri. Mtangazaji alisema wakongwe wale wa dansi watapiga Mugumu Jumamosi alasiri, na mpiga solo wao, yule yule wa enzi zile, atakuwepo, mzima wa afya.

Nilizima redio zote nilizokuwa nikizijaribu. Mpiga solo yule alishakufa. Taarifa ya kifo chake niliisikia redioni miaka mingi nyuma, nikiwa bado mchimbaji wa dhahabu kule Nyamongo. Nilikuwa nimetoka shimoni kupumzika, nikakaa juu ya mfuko wa mawe nikamlilia, mtu mzima mwenye tochi kichwani. Wenzangu waliuliza kama nimefiwa na ndugu. Niliwaambia ndiyo, maana sikujua nianzie wapi kueleza.

Nilikulia Mwanza. Nilipokuwa na miaka kumi na saba bendi ile ilikuja kupiga Jumapili mchana, nami nikajipenyeza ukumbini. Bendi nyingine zilipiga muziki, watu wakacheza. Hawa walikuwa na nyimbo ndefu ajabu, zinazoanza polepole, zinageuka, zinakaribia kusimama, kisha zinashika njia nyingine kabisa. Watu waliacha kucheza wakasimama kusikiliza. Siku ile walipiga wimbo wa mtu anayesubiri kivuko, kivuko kisifike. Wimbo huo hawakuurekodi. Nimeutafuta kwenye kanda, kwenye santuri, na siku hizi kwenye simu, sijaupata. Lakini kichwani ninao wote.

Mke wangu, mzaliwa wa Gorong'a asiyejali sana muziki wa dansi, aliniona nimenuna nikila chakula cha mchana.

"Una nini, baba watoto?"

"Wanaleta mtu wa uongo. Wanamwita kwa jina la marehemu."

"Basi twende tukamwone huyo marehemu. Na mdogo wangu aliyeko Mugumu sijamtembelea siku nyingi."

Jumamosi tulifika mapema. Tangazo lililobandikwa mlangoni lilikuwa na picha ya zamani ya marehemu, ileile iliyokuwa kwenye jalada la santuri yao, nikazidi kuchukia. Ukumbi ulijaa watu wa umri wangu, wanaume waliovaa makoti yaliyonyooshwa, akina mama wenye vitenge vipya. Wazee watano walipopanda jukwaani, watu walisimama kupiga makofi hata kabla ya kusikia sauti moja. Mimi sikusimama.

Mwenye gitaa la solo alikuwa na kofia na miwani myeusi. Ndevu alikuwa amezitia piko. Nilijiuliza, mtu anayejificha hivi anamficha nani?

Kazi yangu imenifundisha kutoamini sauti mpaka nimeona inakotoka. Niliwaza kwamba huenda kuna kifaa kinachopiga nyimbo za kurekodi, na hawa wanachezesha vidole tu. Nilichukua simu nikasogea mbele, nikijifanya napiga picha, nikaufuata waya wa gitaa kwa macho mpaka kwenye amplifaya.

"Mura, kaa chini, unatuziba!" mtu alinipigia kelele nyuma, akiniita kijana kwa Kikurya.

Waya ulikuwa wa kweli. Sauti ilikuwa inatoka kwenye gitaa lenyewe. Hapo nikaanza kuangalia vidole, na ndipo wasiwasi wangu ulipopata miguu. Kila wimbo ulipofika mahali solo inapopanda juu, pale ambapo marehemu alikuwa akizikimbiza nyuzi mpaka unashika kichwa, mzee huyu alibaki chini na tarumbeta ikadakia. Mara ya kwanza nilisema ni uzee. Mara ya tatu nikamnong'oneza mke wangu, "Umeona? Hawezi kwenda kule."

"Nimeona wewe peke yako ndiye umekunja uso," alinijibu. Alikuwa anatikisa mabega.

Walipopumzika nilimfuata nyuma ya jukwaa. Alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, anajifuta jasho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba wimbo mmoja. Ule wa kivuko."

Aliivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu na makini. "Nani amekuambia kuna wimbo kama huo?"

"Niliusikia mwenyewe. Mwanza."

"Wimbo huo hatuupigi."

"Hamuupigi au hamuujui?"

Niliona aibu mara tu maneno hayo yaliponitoka, maana huyo ni mzee, na mimi nilikuwa nimesimama juu yake kama askari. Lakini sikuondoka. Yeye naye alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kama aliwahi kunikosea.

"Wewe unataka kusema nini?"

"Nataka kusema kwamba mpiga solo wa bendi hii nilisikia amefariki."

"Umesikia sawasawa," alisema. "Mimi nilimzika. Mimi nilikuwa napiga gitaa la rithim, nyuma yake, miaka kumi na minne. Maneno ya kwenye gari ni ya mtu anayetuandalia maonyesho haya. Nilimkataza. Akasema mpiga rithim hakuna anayemjua."

Nilikuwa nimegundua ukweli, na haukunifurahisha hata kidogo. Nilijaribu kumkumbuka mpiga rithim wa siku ile ya Mwanza, sura yake, shati lake, nisipate kitu. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake mchana mzima.

"Na ule wimbo?" niliuliza.

"Wa kivuko niliutunga mimi. Ndiyo maana haukurekodiwa. Yeye hakuupenda."

Hapo nilirudi kuwa na shaka. Ni rahisi kusema umetunga wimbo wakati aliyeweza kukubishia yuko kaburini. Nilimshukuru, nikarudi kukaa, nikamweleza mke wangu yote.

"Sasa hata hilo huamini?" aliniuliza.

"Siamini."

"Kesho wanapiga Robanda. Nenda ukamsikilize tena, ukirudi utulie."

Alisema kwa utani, lakini nilikwenda, kwa pikipiki, kutoka kwa mdogo wake tulikolala, vumbi mpaka kwenye kope. Robanda walipiga uwanjani karibu na soko, jua likiwa bado kali, kwa kuwa wenyeji hawapendi kuchelewa kurudi. Tembo wakiingia shambani na hakuna mtu wa kuwafukuza, mahindi yamekwisha. Watu walikuwa wachache kuliko Mugumu, wakulima na wafanyakazi wa kambi za watalii waliokuwa na mapumziko.

Mtangazaji wa lile gari alishika kipaza sauti akaanza tena maneno yale, mpiga solo yule yule. Mzee alisogea akakichukua kipaza sauti mkononi mwa mtangazaji, taratibu.

"Mimi siye," alisema. "Yule alifariki. Mimi nilikuwa rithim."

Watu walitazamana. Mwanamke mmoja mwenye nywele nyeupe, aliyekaa mbele kwenye kiti cha plastiki, akasema kwa sauti, "Basi piga hiyo rithim, baba, tumekuja kusikiliza." Wengine wakacheka, kisha makofi yakaanza. Mtangazaji alishuka jukwaani akasimama kando ya lori la bendi, amefunga mikono.

Mzee hakusema jina la wimbo. Alianza tu, polepole, na nikaujua kabla ya mpigo wa nne. Ulikuwa wa kivuko. Walipofika mahali pa solo, mpiga tarumbeta alishusha tarumbeta yake, na mzee akaendelea na rithim peke yake, juu ya besi, bila kupajaza mahali pale.

"Spika imekufa!" mtu mmoja alipaza sauti.

Haikuwa imekufa, mimi najua spika. Lakini nilikuwa katika shida nyingine. Nilijaribu kuiweka solo kichwani, mahali ilipotakiwa kuwa, nisiikumbuke. Hata kipande. Nilichokuwa nimekiimba kimoyomoyo miaka yote, shimoni na kibandani, kilikuwa hiki hiki alichokuwa anakipiga sasa, mizunguko mitatu na kuchelewa kidogo mwishoni. Nilisimama. Sikupiga makofi, nilisahau.

Baadaye nilimuuliza mpiga tarumbeta nani aliyeutunga. Alisema alijiunga nao baadaye, hajui. Kwa hiyo sina ushahidi, na sijui nitaupata wapi.

Walikuwa wanapakia vyombo haraka. Nilimwambia mzee kwamba mimi ni fundi, anipe amplifaya nimbebee mpaka kwenye lori. Alikubali, lakini akashika mpini wa upande wa pili, na ingawa alikuwa anahema, hakuuachia mpaka tulipofika. Sijui kama ilikuwa heshima, au ni kwa sababu na yeye alikuwa bado hajaniamini.