Mzungu wa Sumu

Majuzi, katika hoteli moja ya safarini, nilimwona kwenye televisheni yule mwigizaji Mwingereza akimtilia mtu sumu katika chai, nikacheka peke yangu.

Utotoni, nyumbani mtaa wa Wattaya, tulimjua kwa kanda za video. Hakuwa nyota hata mara moja; siku zote aliigiza mtu mbaya, na bibi akimwita maluuni. Hatukujua kwamba kila akimaliza filamu alizunguka skuli za watoto viziwi, akiwafundisha kuigiza.

Alasiri moja akaja skuli ya viziwi ya dada yangu Rahma, mtaa wa Al Khoudh, nasi wa nyumbani tukaalikwa. Ukumbi ulinukia ubani na halwa. Mama alimmiminia kahawa, na kwa kuwa mgeni hakujua kutikisa finjani kuonyesha imetosha, akaongezwa tu. Finjani ya nne mgeni akampa Rahma.

Nikaruka nikaipiga. Kahawa ikamwagikia suruali ya mgeni.

"We Salma, una wazimu?" mama akasema.

"Kamtilia sumu, mama. Atamuua."

Mama akamfasiria mgeni maneno yangu kwa aibu. Mzee yule hakucheka. Akapokea finjani nyingine, akainywa yote, akanionyesha ilivyo tupu. Kisha akajishika koo, macho yakamtoka, akaanguka sakafuni.

Watoto wote walicheka. Rahma, asiyesikia, alinieleza kwa mikono yake kwamba anaigiza tu. Mimi nililia.

"Usife, babu," nikamwambia, nikimshika mkono.

Akafungua jicho moja. Sikumwachia mpaka gari lake lilipokuja.